Makutani: Siku mbili ndani ya kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Makurunge si wageni wa magofu. Mtu akishuka kutoka kwetu hadi mji wa Bagamoyo, kisha akaendelea kusini kiasi cha kilometa tano, atafika Kaole, mahali ambapo misikiti miwili ya mawe ya matumbawe imesimama bila paa kati ya minazi na mibuyu, na makaburi ya waliokuwa wakiswali humo yamejipanga pembeni. Watoto wetu hupelekwa huko na walimu wao, hupiga picha, hunywa maji ya kisima, hurudi nyumbani. Wengi wetu tumekwenda Kaole mara tatu au nne katika umri wetu, na kila mara tumetoka na maneno yale yale: kumbe wazee wetu walikuwa na mji!

Bibi yetu, mama mzazi wa baba wa nyumba, naye alikwenda Kaole mwaka jana pamoja na wajukuu. Aliporudi aliuliza swali moja ambalo halikumpata mjibuji pale barazani. Aliuliza: hawa waliojenga Kaole hawakuwa peke yao, basi wenzao walikuwa wapi? Maalim wa madrasa ya jirani, ambaye alikuwa akinywa kahawa nasi, akajibu kwamba wenzao walikuwa pwani yote, tangu Lamu na Mombasa hadi Sofala, lakini mkubwa wao alikuwa Kilwa. Bibi akasema: basi nipelekeni Kilwa kabla sijafa. Na mtu mzima akisema hivyo mbele ya watoto wake na Maalim akiwapo, jambo hilo limekwisha kuamuliwa.

Tukaondoka watu tisa wakati wa likizo ya shule. Njia ni ya Dar es Salaam, kisha kusini kwa barabara ya Kibiti na Ikwiriri. Pale Rufiji tulipita juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na Maalim akawasimulia watoto siku za kivuko cha Ndundu, ambapo magari yalilala kando ya mto yakingoja zamu. Nangurukuru tukakata kushoto kuelekea baharini, na kabla ya adhana ya Ijumaa tulikuwa Kilwa Masoko. Msafiri hana faradhi ya Ijumaa, lakini aliyefika mjini na kuisikia adhana hana sababu ya kukaa hotelini. Tuliswali na wenyeji, kisha tukaenda kuomba kibali, kwa maana hakuna ruhusa ya kuvuka kwenda magofuni bila kibali, na kibali hicho hutolewa kule Masoko. Msomaji asistaajabu akiona kwamba katika miaka ya karibuni usimamizi wa magofu ya Kilwa umekabidhiwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, kama ambavyo Kaole yetu imekabidhiwa wakala wa misitu, TFS. Bibi alipoelezwa hayo aliuliza iwapo misikitini sasa wanaishi swala.

Jumamosi asubuhi tulipanda mashua ya tanga. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, na upepo ukiwa mzuri mtu havuki zaidi ya nusu saa. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni Gereza, ngome nyeupe iliyochakaa inayotazama maji. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji huu mwezi Julai mwaka 1505, wakaupora, na wakajenga ngome mahali hapo. Mwaka 1512 wakaondoka. Gereza tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waomani, kiasi cha miaka mia mbili iliyopita. Upande wake wa bahari umeanguka. Mwongoza wageni, kijana wa kisiwani mwenye adabu nyingi, alitueleza kwamba mawimbi yamekuwa yakiila pwani ile mwaka hata mwaka, na akatuonyesha mikoko iliyopandwa kuyazuia.

Sharti tuseme neno hapa juu ya umri wa mji wenyewe. Tarikh ya Kilwa yasimulia kwamba mwanzilishi wake alikuwa Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, na kwamba alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyewe kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Zama hizo, kwa mujibu wa masimulizi, maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara, hadi wanunuzi walipopata hila ya kukitenga. Ni hadithi tamu, na watoto waliipenda. Lakini waliochimba ardhi ya Kilwa, akiwemo Neville Chittick katika miaka ya 1960, wameonyesha kwamba watu waliishi hapo tangu kiasi cha karne ya 9, wakivua na kusana chuma, kabla ya hao Washirazi wa hadithi. Na mwaka 2023 wataalamu wa vinasaba walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale wa pwani hii, wakiwemo wa Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba kuanzia kiasi cha mwaka 1000 damu ya Kiafrika na damu ya Uajemi zilichanganyika, na kwamba kwa sehemu kubwa akina mama walikuwa Waafrika na akina baba waliotoka ng'ambo walikuwa Waajemi. Basi wale waliokuwa wakicheka wazee wetu waliojiita Washirazi wapunguze kicheko, na wale waliodai kwamba miji hii ilijengwa na wageni watupu wapunguze madai. Bibi aliposikia alisema ni ndoa tu, hakuna la ajabu.

Kutoka Gereza tuliingia Makutani. Jina lenyewe lajieleza: mahali penye kuta. Ni jumba kubwa la masultani wa karne za mwisho, na limezungushiwa ukuta mnene. Mtu akisimama chini yake na kutazama juu huelewa kwamba waliojenga hawakuwa na usingizi mzuri. Enzi za dhahabu, Kilwa ilijiamini. Ukuta huu ni wa watu waliokwisha kuonja kuvamiwa. Na biashara iliyoufufua mji katika karne ya 18 haikuwa ya dhahabu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka, ili wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Sisi wa Bagamoyo hatuna haja ya kuelezwa biashara hiyo ilikuwaje. Tunalitaja kwa sababu katika safari kama hizi kuna uzito wa ulimi. Watu hupenda kusifu kuba na nguzo, wakaruka yaliyolipia chokaa.

Kijana mmoja miongoni mwa wajukuu, ambaye husoma sana, aliuliza kama kuna miji mingine ya kisiwani yenye kuta ambayo haikufa. Iko. Maalim akamtajia Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, ambako mji wa kale ungali ndani ya kuta zake zenye urefu wa kiasi cha kilometa nne, na watu wanaishi humo, wanafua nguo na kuuza mikate. Mji huo ulishikwa na Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana tangu mwaka 1309 hadi mwaka 1522, ambapo Sultani Suleiman wa Uthmania aliuteka na misikiti ikajengwa. Baadaye Waitalia waliuchukua mwaka 1912, na mwaka 1947 ukawa wa Ugiriki. Misikiti mingi ya huko leo ni kumbukumbu za kutazamwa. Hesabu miaka, msomaji: Kilwa ilivamiwa 1505, Rhodes ikatekwa 1522. Kizazi kimoja kiliona mji wa Waislamu ukiangukia mikononi mwa Wakristo katika bahari moja, na mji wa Wakristo ukiangukia mikononi mwa Waislamu katika bahari nyingine. Kuta hazikuufaa upande wowote kama ulivyotarajia. Tofauti ni kwamba Rhodes ilibaki na wakazi ndani, na Kilwa wakazi wakasogea pembeni, wakajenga nyumba zao za miti na udongo nje ya majumba ya mawe, na huko ndiko waliko hadi leo, na kisima, na mbuzi, na msikiti wao.

Ndipo tukafika Msikiti Mkuu.

Hatutaki kueleza sana kwa kuwa maelezo hayamfikishi mtu. Sehemu ya kaskazini, yenye mihrabu, ni ya kale zaidi, kiasi cha karne ya 11 au ya 12, nayo ni ndogo. Sehemu ya kusini ni upanuzi wa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukajengwa upya katika karne ya 15 baada ya kuanguka. Humo nguzo za pembe nane zimejipanga safu kwa safu, na juu yake kuba na matao yamepokezana, mengine mazima, mengine yameacha mbingu wazi. Jua la asubuhi huingia kwa vipande. Mawe ni matumbawe. Yakitolewa baharini yangali laini huchongwa kama muhogo, kisha hewa huyakausha yakawa magumu. Chokaa ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Kila kitu kimetoka hatua chache kutoka mahali kilipojengwa, isipokuwa fedha.

Na fedha ilitoka Sofala. Kilwa ilishika njia ya dhahabu iliyoletwa kutoka bara la Zimbabwe, na masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, pande mbili zikasomeka kwa vina. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini ya Australia. Nani alizifikisha huko, Mungu ndiye ajuaye.

Al-Hasan huyo ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Tarikh inasema kwamba katika ujana wake alikwenda Hija, akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia kwamba siku moja ya Ijumaa sultani alipokuwa akitoka msikitini kwenda kwake, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba zile nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa fakiri nguo zake. Watu wakamsifu. Mwana wa sultani akazinunua nguo hizo kutoka kwa fakiri kwa watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Maalim aliwasimulia watoto kisa hiki wakiwa wameketi kwenye kivuli cha nguzo, na alipofika mwisho binti wa miaka kumi na mmoja akauliza: na wale watumwa ishirini, wao walipewa nini? Maalim alinyamaza kidogo. Akasema swali lako ni zuri na halina jibu katika kitabu. Tunakiri kwamba tumekisikia kisa hicho katika mawaidha mara nyingi, nasi tumekitumia wenyewe, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza habari zao.

Wakati huo ndipo lilipotokea lile ambalo limetufanya tuandike makala hii. Bibi alikuwa amechelewa nyuma kwa sababu ya magoti. Alipofika mlangoni alivua makobazi yake, akaingia na mguu wa kulia, akaelekea moja kwa moja upande wa kibla. Sisi sote tulikuwa ndani na viatu. Mwongoza wageni akamkimbilia kwa upole: Bibi, vaa, kuna vijiwe na miiba. Bibi akamwuliza: mjukuu wangu, hapa ni msikiti au si msikiti? Kijana akasema: ulikuwa msikiti, Bibi. Bibi akamwuliza tena: nani aliuvunja usiwe?

Kijana hakuwa na jibu, wala sisi hatukuwa nalo. Tulimgeukia Maalim.

Maalim alieleza jambo ambalo tungependa kila familia inayokwenda Kaole, Kilwa, Kunduchi au Gede ilijue. Msikiti ni waqfu. Mwenye mali akishaitoa ardhi iwe msikiti, hutoka katika milki ya binadamu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani hii na ndiyo ambayo Ibn Battuta aliikuta Kilwa, msikiti ukianguka, ukakosa paa, ukakosa waumini, haurudi kuwa milki ya aliyeutoa wala ya warithi wake, na hauuzwi, kwa kuwa ardhi yake bado yafaa kuswaliwa. Mahanbali wana ruhusa ya kuuza waqfu uliokwisha manufaa na kuhamishia thamani yake kwenye msikiti mwingine, na wana hoja zao. Lakini kwa wenyeji wa Kilwa na kwa wazee wa Kaole hukumu ilikuwa hiyo ya kwanza. Basi Bibi ana haki, akasema Maalim. Huu haukuwa msikiti. Huu ni msikiti.

Tulianza kuvua viatu kwa haya. Mmoja wetu akaanza kuwalaumu watalii wanaoingia na mabuti. Maalim akamkata. Akasema kuingia na viatu safi si haramu yenyewe, Mtume (s.a.w.) amepokewa kuwa aliswali navyo, na msikiti wake ulikuwa wa mchanga. Kuvua ni adabu yetu sisi watu wa mikeka na mazulia. Usimhukumu mgeni kwa adabu ambayo hakuna aliyemfundisha, akasema, na wewe mwenyewe umeingia navyo nusu saa nzima, nawe ni mtoto wa madrasa.

Bibi hakuyasikiliza hayo. Alikuwa amekwisha kutia udhu kwa chupa ya maji ya kunywa, akatandika kanga mbele ya mihrabu, akaswali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Kijana wa kisiwani alisimama pembeni akitazama bahari. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka pamoja na za kwetu. Alituambia baadaye kwamba yeye huingia humo karibu kila siku tangu aanze kazi, na huswali Ijumaa zote kijijini, na haikuwahi kumjia fikra hiyo. Kundi la wageni wa Ulaya lilifika na mwongozaji mwingine likakuta viatu kumi vimepangwa mlangoni. Mama mmoja akavua vyake, wenzake wakazunguka kwa nje wakapiga picha za kuba.

Je, tunataka misikiti hii irudishiwe paa na imamu? La hasha. Wanaoijua kazi ya uhifadhi wanasema kuta hizo hazivumilii mkono wa fundi asiyejua, na saruji ya dukani ikipakwa juu ya chokaa ya kale huharibu kuliko mvua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzitengeneza. Kazi hiyo isichezewe. Aidha kisiwa kina msikiti wake hai, wala hakihitaji wa pili. Lakini kuna tofauti kati ya kutoutumia msikiti na kusahau kwamba ni msikiti. Aliyesahau ndiye anayebomoa jiwe la mihrabu akajengee jiko, ndiye anayeandika jina lake kwa mkaa ukutani, ndiye anayeketi juu ya kaburi akila embe. Hili la mwisho twalisema kwa uchungu kwa sababu aliyefanya hivyo, katika makaburi ya masultani, alikuwa mtoto wetu. Bibi alimshusha kwa sikio. Hatuingii hapa katika mabishano ya kujengea makaburi, yana mahali pake. Ila kukalia kaburi hakuna aliyekuruhusu katika pande zote mbili za mabishano hayo.

Adhuhuri ilitukuta tukielekea Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan bin Sulaiman, mbali kidogo mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari. Tuliunganisha Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, chini ya mbuyu. Husuni Kubwa ina vyumba zaidi ya mia moja, ua wa ghala za biashara, na birika la kuogelea la pembe nane ambalo watoto walitaka kulijaza maji. Halikumalizika kujengwa vizuri, na halikukaliwa muda mrefu. Baada ya al-Hasan alitawala nduguye Daud, ambaye kwa maelezo ya Ibn Battuta alikuwa kinyume chake: fakiri akija kuomba, aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Tukitazama ukubwa wa jumba lile tunaona kwamba huenda Daud alikuwa akisema kweli.

Jumapili tulikwenda Songo Mnara kwa boti ya mashine, kusini zaidi kati ya visiwa. Huko hakuna gati. Boti husimama mbali, na mtu hushuka majini na kutembea kati ya mikoko, tope likimfika magotini. Bibi alibebwa na wajukuu wawili, akiwaonya wasimwangushe.

Ikiwa Kilwa ni mji wa masultani, Songo Mnara ni mji wa familia, na kwa hakika uliwagusa akina mama wa msafara wetu zaidi. Ulikaliwa kuanzia mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, kisha ukaachwa. Una nyumba zaidi ya arobaini za mawe na misikiti sita, na ukuta wa mji ungali unafuatika hapa na pale vichakani. Unaingia nyumba kwa ngazi, unashuka uani, unaona baraza ya kukaa mgeni, kisha vyumba vinavyoingiliana kuelekea ndani, kila kimoja cha siri kuliko kilichotangulia, na vyoo vilivyojengwa kwa mawe. Kuna vidaka vya kuwekea taa ukutani. Mke wa Maalim alisimama katika chumba cha ndani kabisa akasema: hapa ndipo mama mwenye nyumba aliweka vitu vyake. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha York cha Uingereza na wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, waliofanya kazi hapo kuanzia mwaka 2009, walikuta sarafu nyingi za shaba ndani ya nyumba na makaburini, na vijiwe vyeupe vilivyowekwa juu ya makaburi na mikono ya waliokuja kuzuru. Binti yule wa maswali aliokota kijiwe cheupe, akakitazama, akakirudisha kilipokuwa.

Watoto walihesabu mihrabu hadi wakachoka. Katika kila msikiti, bila kuambiwa, walivua viatu mlangoni, na kwa kuwa vilikuwa vimejaa tope ikawa kazi ya kuvivaa tena. Msikiti wa nne mdogo wao aliacha kuvivaa, akatembea peku siku nzima na kukanyagwa na miba miwili.

Msomaji mwenye nia ya kwenda azingatie mambo machache. Kibali kichukuliwe mapema, na ukifika Ijumaa usiache hadi baada ya swala. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha, na ya udhu pia. Mwongozaji wa kisiwani achukuliwe hata kama unajua kusoma kitabu, kwa sababu ndiye ajuaye ukuta upi umelegea. Wazee wenye magoti wapelekwe Kisiwani, na Songo Mnara waiangalie kwa picha, isipokuwa wakiwa kama Bibi yetu. Zaidi ya yote ulizeni habari za kupwa na kujaa. Nahodha wetu alituhimiza tuondoke saa nane, sisi tukawa bado tunatafuta msikiti wa sita. Tulipofika pwani maji yalikuwa yameondoka, boti imelala ubavu juu ya mchanga, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja bahari irudi.

Tulikaa kwenye kivuli cha mikoko karibu saa tatu. Nahodha hakutulaumu, alilala. Bibi aliosha makobazi yake katika dimbwi, akayaanika juu ya mzizi, akawauliza watoto wamtajie majina ya masultani waliyoyashika.